Nani bora kuliko wote? Bishano la kikapu, na nafasi ya Hasheem Thabeet ndani yake

Jioni moja tuliuliza swali jepesi katika kipindi chetu cha michezo: ni nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa nyakati zote? Tulitegemea meseji chache tu, kwa sababu huku kwetu wengi ni watu wa Simba na Yanga. Haikuwa hivyo. Meseji ziliingia kutoka Ngara mjini, Rulenge, Kabanga na Benaco. Upande wa Biharamulo zikaja kutoka Nyakahura hadi Nyakanazi, kwenye vijiwe vya bodaboda na maegesho ya malori.

Wengi waligawanyika kati ya Michael Jordan na LeBron James. Wachache walimtaja Kobe Bryant, wengine Stephen Curry. Kisha msikilizaji mmoja akageuza mambo. Alitaka Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet awekwe wa mwisho kabisa, kwa madai kwamba alitutia aibu. Hapo ndipo simu ilipopata moto.

Katikati ya kelele hizo ikaja meseji ya mama mmoja wa Biharamulo. Alieleza kwamba ana kijana wa sekondari, mrefu kupita wenzake wote, na shuleni wanamwita Hasheem. Hawamsifii, wanamcheka. Mama aliuliza amwambie nini mwanawe.

Swali hilo hatukuweza kulijibu kwa dakika mbili hewani. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ulisome kwa nafasi yako.

Orodha inapima nini?

Tuanze na bishano lenyewe. NBA ni ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, na ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Ina timu 30. Kila mwaka watu hupanga orodha za wachezaji bora, na kila mwaka hawakubaliani. Tatizo ni kwamba wabishi wawili mara nyingi wanatumia vipimo viwili tofauti bila kuambiana.

Kipimo cha kwanza ni ubingwa. Bingwa wa NBA huvishwa pete ya kidoleni, kwa hiyo mashabiki husema fulani ana pete kadhaa. (Tusichanganye na mpira wa pete wanaocheza dada zetu shuleni.) Jordan ana pete 6, alizozipata kati ya 1991 na 1998. LeBron ana 4, alizozipata akiwa na timu 3 tofauti. Kwa kipimo hicho Jordan yuko mbele.

Lakini ukikishika kipimo hicho kwa ukali, kitakupeleka usikotaka kwenda. Robert Horry ana pete 7, zaidi ya Jordan, na hakuwahi hata mara moja kuitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi hiyo. Hakuna kijiwe kinachomtaja kuwa bora kuliko Jordan. Halafu yupo Bill Russell wa Boston, aliyechukua ubingwa mara 11 katika misimu 13, kati ya 1957 na 1969. Kama pete ndiyo kila kitu, bishano limeisha na jibu ni Russell. Ila Russell alipoanza, ligi ilikuwa na timu 8 tu. Kushinda wenzako 7 na kushinda wenzako 29 si kazi moja.

Kipimo cha pili ni pointi. Februari 2023, LeBron alimpita Kareem Abdul-Jabbar, aliyekuwa ameshikilia rekodi ya pointi 38,387. Mwaka uliofuata akavuka pointi 40,000. Kwa jumla hiyo hakuna wa kumfikia. Ila ukigawa pointi kwa idadi ya michezo, Jordan ana wastani wa 30.1 kwa kila mchezo, na LeBron yuko chini ya hapo.

Mkulima wa kahawa ataelewa upesi. Mmoja amevuna misimu 15, mwingine zaidi ya misimu 20. Ukiuliza nani amejaza magunia mengi maishani, ni yule wa misimu 20. Ukiuliza shamba la nani lilitoa zaidi kila mwaka, jibu linaweza kuwa jingine. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja amejibu swali lake.

Kisichohesabiwa hakionekani

Sasa tufike mahali ambapo wengi hawafiki. Kuna kazi uwanjani ambazo hazileti pointi moja kwa moja. Kuuzuia mpira unaoelekea kapuni, ambako vijana hukuita bloku, ni mojawapo. Kudaka mpira uliokosa kapu, yaani ribaundi, ni nyingine. Anayefanya kazi hizo anaokoa pointi za wapinzani, lakini ubao wa matokeo haumtaji.

Tena bloku hazikuwa zinahesabiwa kabisa. NBA ilianza kuziandika rasmi msimu wa 1973-74. Russell alikuwa amestaafu tangu 1969. Kwa hiyo mtu ambaye wengi humtaja kuwa miongoni mwa wazuiaji wakubwa wa nyakati zote hana hata bloku moja kwenye vitabu vya ligi. Alizipiga nyingi, watu walishangilia, lakini hakuna aliyekuwa na kazi ya kuziandika. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa mtu alikuwepo, na lake bado halipo.

Jambo hili linatugusa Waafrika moja kwa moja. Ligi ilipoanza kuhesabu bloku, nani yuko juu? Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, mwenye bloku 3,830. Wa pili ni jirani yetu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye 3,289. Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara 4. Lakini wastani wake wa pointi ulikuwa chini ya 10 kwa mchezo. Ukipanga orodha kwa pointi peke yake humwoni. Ukipanga kwa ulinzi humkwepi.

Huku kwetu tunaona nini?

Tujiulize pia sisi wenyewe tunahukumu kwa kuona nini. Mchezo unaoanza saa 1 usiku mjini New York wakati wa baridi, huku kwetu ni saa 9 usiku. Fainali za Juni nazo huangukia saa hizo za majogoo. Mkulima anayeamka alfajiri kwenda shambani hawezi kukesha hivyo, na bando lenyewe halitoshi.

Tunachoona ni vipande vya video vya nusu dakika tunavyotumiana kwenye simu. Vipande hivyo vinaonyesha mtu akiruka na kuubamiza mpira kapuni, au akirusha kutoka mbali. Havionyeshi aliyesimama vizuri muda wote hadi mpinzani akaogopa kuingia. Kwa hiyo bishano letu limejaa watu wa kufunga, na watu wa kuzuia wamepotea. Hasheem Thabeet alikuwa mtu wa kuzuia.

Hasheem ni nani hasa?

Wasikilizaji wetu wengi vijana wanalijua jina lake bila kuijua habari yake. Alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wanakuwa na karibu miaka 10 uwanjani. Alikwenda Marekani kusoma sekondari, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut na kukichezea misimu 3.

Huko chuoni hakuwa msindikizaji. Alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara 2 mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka huo wa 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa ya vyuo. Ana urefu wa sentimita 221. Mlango wa kawaida wa nyumba zetu una kama sentimita 200.

Juni 2009 akaingia kwenye drafti ya NBA. Drafti ni siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, hadi kufika vijana 60. Wa kwanza mwaka huo alikuwa Blake Griffin. Wa pili, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies, alikuwa Hasheem Thabeet. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kufika hapo.

Tatizo lake lilianzia kwa waliomfuata. Wa tatu alikuwa James Harden, ambaye baadaye alikuja kuwa mchezaji bora wa msimu, 2018. Wa saba alikuwa Stephen Curry, mwenye pete 4 hadi sasa, mtu aliyebadilisha namna kikapu kinavyochezwa duniani. Hasheem yeye alicheza michezo 224 katika timu za Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, akiwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Katika msimu wake wa kwanza alipelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo iliyo chini ya NBA. Mpaka wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu hivyo aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Ndiyo maana nchini Marekani jina lake hutokea kwenye orodha za chaguo mbaya kabisa za drafti. Vijana wetu wanazisoma orodha hizo kwenye simu, kisha wanamgeukia mwenzao mrefu darasani.

Kubahatisha si kucheza

Hapa tunaomba msikilizaji atulie nasi kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu la mama yetu.

Drafti haimpimi mchezaji kwa alichofanya NBA. Inakadiria atakachofanya. Ni kama mnunuzi anayenunua kahawa ikiwa bado ua mtini. Akikosea makadirio, kosa ni lake, si la mti. Hasheem hakujiweka nafasi ya pili. Aliwekwa na watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Wala Memphis hawakukosea peke yao. Timu ya Minnesota ilikuwa na nafasi 2 zilizofuatana, ya 5 na ya 6, na mara zote 2 ikamwacha Curry. Mwaka 1984 Portland ilimchukua Sam Bowie nafasi ya pili, ikamwacha Michael Jordan huyohuyo tunayembishania, akaenda kuwa wa tatu. Mwaka 2014 Nikola Jokić wa Serbia alichaguliwa wa 41, na leo amekuwa mchezaji bora wa msimu zaidi ya mara moja. Kama wanaofanya kazi hiyo mchana na usiku wanakosea kiasi hicho, sisi wa kijiweni tunapata wapi uhakika?

Kuna jambo jingine lililomkuta. Wakati ule kikapu kilikuwa kinabadilika. Timu zilianza kurusha zaidi kutoka mbali, kule kwenye mstari wa pointi 3. Mtu mrefu aliyezoea kulinda chini ya kapu akalazimika kutoka nje kumfuata mtu mwepesi. Waliojifunza tangu utotoni walijirekebisha. Aliyeanza na miaka 15 alikuwa na kazi ngumu zaidi. Hatusemi hiyo ndiyo sababu pekee. Tunasema wastani wa pointi 2.2 hautaji lolote kati ya hayo.

Halafu tupige hesabu nyingine. Timu 30 za NBA, kila moja ikiwa na wachezaji wapatao 15 wa mkataba kamili, ni kama watu 450 hivi. Dunia nzima ina nafasi 450. Mtu wa mwisho kabisa kati ya hao ni hodari kuliko karibu kila mtu anayegusa mpira wa kikapu duniani. Hasheem alikaa humo misimu 5. Ukimpanga kati ya waliochaguliwa wa pili, yuko chini. Ukimpanga kati ya Watanzania waliowahi kuushika mpira huo, yuko juu. Mtu ni yuleyule na hakuna namba iliyobadilika. Kilichobadilika ni swali.

Somo la jirani: Kigali na Bujumbura

Tunaoishi mpakani tuna bahati ambayo Dar es Salaam hawana. Ukivuka Rusumo, barabara inakupeleka Kigali, kwenye ukumbi wa BK Arena wenye viti takriban 10,000. Hapo ndipo Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, inayoungwa mkono na NBA, ilipochezwa kwa mara ya kwanza Mei 2021, na Zamalek ya Misri ikawa bingwa. Mchezo wa saa 12 jioni Kigali kwetu ni saa 1 usiku, kwa sababu wenzetu wako nyuma kwa saa moja. Hicho ni kikapu cha Waafrika kinachochezwa jirani, tena saa ambayo hata mkulima yuko macho.

Ligi hiyo nayo imetuonyesha kwamba jedwali halisemi kila kitu. Machi 2024, klabu ya Dynamo ya Burundi ilikwenda Afrika Kusini kucheza hatua ya makundi. Ilishinda mchezo wake wa kwanza dhidi ya Cape Town Tigers, wachezaji wakiwa wameyafunika maneno ya mdhamini kutoka Rwanda yaliyokuwa kwenye jezi. Uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa mbaya wakati huo. Ligi ikasema sheria ya jezi lazima ifuatwe. Klabu haikuivaa ilivyotakiwa, michezo 2 ikahesabiwa imepotea, kisha ikaondolewa mashindanoni.

Hatuingii kwenye nani alikuwa na haki. Tunaangalia jedwali tu. Atakayelisoma miaka 20 ijayo hataipata habari nzima ya Dynamo. Hataona kwamba michezo iliyopotea haikuchezwa hata dakika moja, wala kwamba wachezaji wenyewe walikuja kucheza. Namba haikudanganya, lakini imekaa kimya.

Kwa hiyo, mama, jibu letu ni hili

Kwanza, mwambie kijana kwamba jina analochekwa nalo ni la Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wanaomcheka hawajui wanampa jina la nani. Siku wakimwita, aitike.

Pili, Hasheem hakupita njia ya mkato. Alipitia sekondari, kisha chuo kikuu misimu 3, ndipo drafti ikamkuta. Shule ndiyo iliyombeba. Akitokea mtu anayemwambia mwanao aache masomo, au anayedai hela ili ampeleke majaribio nje ya nchi, msikubali kabla ya kwenda kwa mwalimu wa michezo na ofisi ya elimu ya wilaya kuuliza.

Tatu, na hili tunawaambia walimu na vijana wote wa Ngara na Biharamulo: anzeni kuhesabu. Kila mwaka UMISSETA inachezwa, na kikapu kimo. Mchezo ukiisha, kinachobaki ni matokeo ya mwisho, tena mara nyingine hayo nayo hayajaandikwa popote. Nani alidaka ribaundi nyingi? Msichana yupi alitoa pasi zilizozaa pointi? Kijana gani mrefu aliwazuia wapinzani mara 6? Hakuna ajuaye. Tunawafanyia watoto wetu kilekile kilichomkuta Russell.

Dawa yake haigharimu. Mwanafunzi mmoja akae pembeni ya uwanja na daftari na kalamu. Aandike tarehe, mahali, na timu zilizocheza. Chini yake aandike majina ya wachezaji, na mbele ya kila jina safu 4: pointi, ribaundi, pasi za pointi, bloku. Kila tukio apige mstari mmoja. Mwisho wa mchezo ajumlishe, mwalimu atie sahihi. Baada ya msimu mmoja, kijana wa yule mama atakuwa na kitu cha kumwonyesha kocha wa mkoa, si urefu peke yake.

Bishano la Jordan na LeBron liendelee, ni tamu na halimuumizi mtu. Ila mkibishana, kila mmoja aseme kwanza anapima nini. Na atakayetaka kumweka Hasheem wa mwisho, tutamuuliza: wa mwisho kati ya nani?

Shule itakayoanza daftari hilo itujulishe kwa meseji kwenye namba ya kipindi. Namba za wachezaji wenu tutazisoma hewani, pamoja na bloku zao.